Kiatu Kilichotazama Juu

Sikuanza kukimbia miguu mitupu kwa kupenda. Nilianza kwa hasira, Ijumaa moja, mwaka uliofuata ule wa uhuru, nilipotoka msikitini nikakuta raba zangu hazipo mlangoni nilipoziacha. Palibaki ndara moja iliyokatika kigwe, nayo ya mguu wa kushoto. Nikarudi nyumbani nikiruka kutoka kivuli hadi kivuli, maana mawe ya Mji wa Kale saa saba mchana hayana urafiki na mtu. Kila niliyempita alinitazama miguu kisha akanitazama uso, kwa kuwa kila mtu alijua mimi ni mtoto wa nani.

Baba alikuwa fundi wa makubadhi. Alishona barazani kwetu, ngozi mapajani, sindano na uzi uliopakwa nta mkononi. Miguu ya wateja aliichora kwa penseli kwenye karatasi, akazitundika karatasi hizo msumarini. Nusu ya mtaa ilining'inia ukutani kwetu, na mguu wangu umo. Kwake kiatu kilikuwa na heshima yake. Kiatu kilichopinduka, soli ikatazama mbinguni, hakuweza kukipita. Angekatiza hata salamu ya sharifu ili akigeuze kwanza. Nasi alitulea hivyo. Mlangoni pa msikiti, pa harusi, pa matanga, nikiona kiatu kimelala chali, kidole gumba cha mguu wangu kilikigeuza kabla sijafikiri, na wala sikusimama.

Nilipomwambia raba zimeibiwa, hakuinua uso.

"Huenda aliyezitwaa ana haja kukushinda," akasema. "Nawe makubadhi si haya hapa?"

"Baba, makubadhi hayakimbiliwi."

"Basi usikimbie. Kwani wafukuzwa na nani?"

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Shule ilikuwa ichague mtu mmoja, mmoja tu, wa kukimbia maili moja Nairobi baada ya miezi minne. Angepanda gari la moshi na kulala njiani. Mimi sikuwahi kuvuka Mariakani. Usiku nililala nikiisikia ile safari, magurudumu na yote, na sasa ningeikosa kwa sababu ya mwizi mwenye udhu. Kumwomba baba anunue raba nyingine ilikuwa kazi bure. Mpira, alisema, si kiatu, ni kitu cha gari.

Mshindani wangu alikuwa mmoja, mwenzangu wa darasani aliyetoka Rabai, na yeye alikimbia miguu mitupu tangu kuzaliwa. Nikajiambia kama yeye aweza, mimi nina nini? Nikamwendea anifundishe. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Wataka kufundishwa kutembea, na kwenu watu wapo?" akaniuliza. Kisha akanionea huruma. "Usikanyage kwa kisigino kama unayebisha hodi. Kanyaga mbele, taratibu. Na uanze kidogo kidogo."

Ya mbele niliyasikia. Ya kidogo kidogo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka uwanja wa Makadara mpaka karibu na mnara wa taa, nikarudi. Siku ya pili sikuweza kushuka ngazi ila kwa makalio, kama mtoto anayejifunza. Misuli ya nyuma ya miguu, chini ya magoti, ilikaza ikawa kamba za jahazi. Nyayo zilivimba malengelenge, malengelenge yakapasuka, na penye ngozi mpya nikaingiwa na kigae cha chupa. Kilipotoka hicho, nikajikwaa ukucha ukang'oka. Kila nilipopona kitu kimoja kingine kilikuwa kinangoja zamu yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitembea kama ajuza, nikiyachukia mawe, nikimchukia mwizi, nikiwachukia hata watu wa Rabai wote kwa jumla, ambao hawakunikosea chochote.

Mama alinikanda kwa mafuta ya simsim na maneno. Alipoona nyayo hazipoi, akanipondea hina, akanipaka nyayo zote mbili, akazifunga kwa vitambaa. Hina hukaza ngozi, na kweli ilikaza. Lakini mwanamume wa kwetu hapaki hina miguuni ila siku anayooa. Kutwa mtaa mzima ulinipongeza. Muuza kahawa akaniuliza bibi harusi anatoka wapi, na kama naye anakimbia. Wengine walimwelekea baba pale barazani: "Fundi, kinyozi hajinyoi?" Baba alivuta uzi wake akaendelea kushona. Nilijua maneno yale yanamuuma, nami yakaniuma kwa ajili yake, na bado nilimkasirikia. Kufikia mwezi wa tatu hivi tukawa tunaamkiana tu.

Katika mwezi huohuo, bila kunipigia hodi, miguu yangu ilikubali. Sijui siku gani. Nilijikuta tu nakimbia na siwazi miguu. Vidole vilikuwa vimetanuka, kila kimoja kimepata nafasi yake, na ngozi ya chini imekuwa ngumu na ya rangi ya chungu kwa ile hina. Mazoezini nikaanza kumshinda mwenzangu wa Rabai, mara mbili, mara tatu. Aliacha kucheka. Nikaanza kufikiri nitavaa nini kwenye gari la moshi.

Asubuhi ya siku ya kuchaguliwa, baba alinisubiri mlangoni. Mkononi ana viatu. Si makubadhi, bali kitu ambacho hakuwahi kukishona wala hajakishona tena: ngozi laini ya mbuzi, nyepesi, soli nyembamba, mkanda mmoja wa kuteleza, na mshono mdogo mno hata sikuuona mpaka nilipoupapasa. Alikuwa ameshona alfajiri, sisi tukidhani anasoma Kurani.

"Vyakutosha?" akauliza.

Alikuwa ametumia ile karatasi ya msumarini. Ya mguu wangu wa mwaka uliopita, mguu wa raba. Nikaingiza vidole vyangu vilivyotanuka, vikapandana kama dagaa.

"Vyatosha, baba," nikasema.

Akafunga kazi, akavaa kanzu na kofia, akaja uwanja wa shule. Hakuwahi kuja kabla ya siku hiyo.

Mizunguko ilikuwa minne. Wa kwanza nilivumilia. Wa pili nilihisi malengelenge yanaumuka na nikamwomba Mungu yapasuke upesi. Wa tatu sikuwa na miguu tena, nilikuwa na makaa mawili, na mwenzangu wa Rabai ananitangulia kwa hatua kumi. Mwanzo wa mzunguko wa nne nikavirusha viatu, kimoja huku kimoja kule, nyasi zikanigusa nyayo, na nikawa mzima. Nilijua nitamshinda. Sijawahi kujua jambo kwa uhakika ule.

Lakini nilikuwa nimekiona cha kushoto kilivyoanguka. Chali. Kazi ya baba, mbele ya macho ya baba, soli imeitazama mbingu.

Nilikwenda hatua nne, tano. Kisha nikarudi. Nilidhani nitakigeuza kwa kidole nikipita, kama nilivyofanya maisha yangu yote, lakini kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa kubanwa, na kiatu kikateleza. Ikabidi nisimame. Ikabidi niiname, nikishike kwa mkono na kukilaza sawa. Nikasikia watu wakipiga kelele na sikuelewa wanasema nini. Halafu nikakimbia kama ambavyo sikuwahi kukimbia, nikamfuata, nikamfikia, na kwenye kamba ya mwisho akanishinda kwa kifua tu.

Akaenda Nairobi. Aliporudi alinisimulia safari yote, hakuacha hata kituo kimoja.

Siku ile tulirudi nyumbani mimi na baba kwa miguu, viatu ameviweka kwapani. Nilikuwa nangoja aniambie nimefanya vyema, kwa kuwa kama si hilo nilikuwa nimepoteza kwa ajili ya nini? Tukapita Makadara, tukaingia vichochoro vyetu, hajasema. Barazani akakaa, akatoa karatasi mpya, akaitandika sakafuni na kunishika kifundo niikanyage. Akachora polepole, akizunguka kila kidole.

"Mwanangu," akasema bila kuinua uso, "kile kiatu leo ungalikiwata tu kilale chali."