Mukongomani Akikataa Mashine

Mume wangu Sikuli hajui kugombana, na hiyo ndiyo shida ya maisha yangu. Mutu akimukanyaga mguu, yeye ndiye anasema pole. Mimi Masika nilizaliwa Butembo, kwetu ni watu wa biashara, mutu akikuonea unamwambia pale pale. Kwa hiyo hii habari nitaisimulia mimi. Akiisimulia yeye, atakuwa amewasamehe wote kabla hajafika katikati.

Sikuli ni mupiga picha. Tuko na studio ndogo hapa Goma, mutaa wa Majengo, na anatumia filimu mpaka leo. Ndiyo, filimu, ile ya kuzungusha. Vijana wanamucheka: "Papa, filimu wakati huu?" Basi wacheke. Vita ilipoingia mujini na maduka yakavunjwa, walituchukulia simu, kompyuta, hata viti vya plastiki. Ile kamera ya zamani waliigeuza-geuza, wakaitupa chini, wakaenda zao. Ndiyo inatulisha tangu siku ile. Filimu nyeusi na nyeupe anaisafisha mwenyewe kwenye chumba cha nyuma. Ya rangi haiwezekani tena hapa Goma, lazima ifike Nairobi.

Sasa, Pasaka iliyopita alipanda Kibumba kupiga watu picha nje ya kanisa. Kule kuna mama moja, Alliance, analima kabichi na viazi, ni muteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa na binti mudogo, Chance, amevaa gauni la njano la sikukuu. Alliance akamwambia Sikuli, kwa jina la binti yetu, "Papa Bénita, huyu unipigie ya rangi. Nataka hiyo njano ionekane." Sikuli akapiga. Yule mutoto hakutulia hata kidogo. Mara anacheka, mara anakunja uso, mara anamuonyesha ulimi. Sikuli alirudi nyumbani anacheka peke yake.

Kabla ya mwezi kwisha, homa ikamushika Chance, akafa. Picha nyingine yake haikuwako. Simu ya Alliance ni kale kadogo ka kubonyeza, haina kamera. Alishuka mpaka Majengo, akakaa kwenye benchi ya wateja, akasema, "Mutoto wangu ako ndani ya kamera yako." Sikuli akamuapia kwamba atamuletea uso wa Chance. Nilimusikia kwa masikio yangu.

Mungu akatufungulia njia. Binti yetu Bénita alikuwa anaolewa Nairobi, na mukwe wetu akatutumia tikiti za ndege. Mimi nilipiga vigelegele. Sikuli akaanza kuwaza mashine. Mujue, zamani alisafiri na filimu za yubile ya padri moja, akaziweka ndani ya sanduku, sanduku likapita kwenye ile mashine kali ya mizigo mikubwa. Zilitoka na mawimbi ya kijivu, misa nzima padri hana kichwa. Tangu hapo, ukimutajia mashine ya kiwanja cha ndege, jasho linamutoka.

Tulikuwa tunabeba jibini ya Masisi kwa ajili ya harusi. Nikamwambia, "Toboa jibini, ficha filimu ndani, ziba." Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Bénita, mashine isipoona ndani, ndipo wanashuku. Hii tutaibeba wazi, mukononi, kwenye mufuko unaoonyesha. Tutawaomba kwa heshima waiangalie kwa macho."

Kwa heshima! Hilo neno linaniwasha mpaka leo.

Kiwanja chetu cha Goma kimefungwa, kwa hiyo tulitoka kwa barabara mpaka kiwanja cha inchi nyingine. Sitakitaja jina, sitaki kesi. Njia yote Sikuli aliuvaa ule mufuko shingoni, ndani ya shati, na kila tulipopita shimo aliushika. Tukafika kwenye mashine. Kijana wa ukaguzi akasema, "Mzee, weka huko."

"Mwanangu, nakuomba," Sikuli akasema, na akavua kofia, jamani, akavua kofia! "Hii ni filimu, haijasafishwa. Mashine inaweza kuiharibu. Tafazali, iangalie kwa macho."

Yule kijana akaomba paspoti. Akaifungua, akaona tunatoka wapi, na mimi nikaona uso wake unabadilika.

"Mkongomani anakataa mashine," akawaambia wenzake. "Humu kuna nini, mzee? Dhahabu?"

Wakacheka. Najua, kuku mugeni hakosi kamba mguuni. Lakini ile kicheko iliniingia kwenye mifupa.

Sikuli akaeleza tena, pole pole, kama anafundisha katekisimu: ndani ni picha, mwanga ukiingia picha inakufa. Kijana akaitikisa filimu kwenye sikio lake. "Kuna kitu kinacheza." Filimu ilikuwa imeachiwa ulimi mufupi nje, na yeye akaushika ule ulimi.

"Basi ipitishe kwa mashine!" Sikuli akapaza sauti. Sijawahi kumusikia akipaza sauti. "Ipitishe! Nimekubali!"

"Sasa ndio unataka mashine?"

Akavuta. Akavuta kama fundi mushoni anavyovuta mita yake, mpaka mwisho, chini ya mataa yote ya kile kiwanja. Akachungulia ndani ya kopo tupu, akalipiga-piga mezani. Hakukuta kitu. Akaikunja ile filimu kama takataka, akamuwekea Sikuli mukononi. "Sawa mzee, safari njema."

Safari njema! Hata aibu hana. Nililipuka. Nilimwambia mambo ambayo mama yake mwenyewe hajawahi kumwambia. Nilimwambia dhahabu yetu inapita mbele yao ndani ya mifuko ya wakubwa, wanaipigia saluti, halafu wanaitafuta kwenye shingo ya muzee! Watu walisimama kutazama, na mimi nilitaka watazame.

Sikuli ananivuta mukono. "Mama Bénita, hasira hasara."

"Hasara tunayo tayari," nikamwambia. "Acha na hasira ije!"

Nairobi alikwenda kuisafisha hata hivyo. Muchizi, nilimwambia, lakini akaenda, na mimi nikamufuata. Ilitoka nyeusi tupu. Fundi wa pale akauliza kwa nini hatukuipitisha tu kwa mashine. "Filimu ya aina hii, mara moja, ile mashine ndogo ya mizigo ya mkononi? Nyingi zinapona. Sanasana picha ingepata ukungu kidogo, lakini sura ingeonekana."

Sikuli akairudisha ile filimu ndani ya mufuko wake. Kwenye harusi ya binti yake alikaa na sahani ya pilau mapajani mpaka ikapoa.

Tuliporudi nikamwambia, "Alliance umwambie mashine iliiunguza. Yaishe. Mashine haina mama, haitaona aibu." Akakataa. Nilikasirika, tukagombana, yaani niligombana mimi. Akapanda Kibumba na mimi nyuma yake, nimejitayarisha kumutetea. Njiani nilikuwa napanga maneno yangu juu ya yule kijana na kicheko chake.

Alliance alikuwa anapalilia kabichi. Sikuli akamwambia yote, kofia, dhahabu, ulimi wa filimu, hata maneno ya fundi wa Nairobi hakuyaacha. Alliance alimusikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe. Hakulia.

"Huyo fundi alisema ukungu?" akauliza.

"Ndiyo. Kidogo."

"Na wewe uliogopa ukungu."

Sikuli akavua kofia.

"Papa Bénita, mimi sikukuomba picha safi," Alliance akasema. "Chance nilikuwa namutambua ndani ya moshi ya jikoni, asubuhi na jioni. Ukungu ungenifanya nini?"

Nilifungua mudomo nimutetee mume wangu. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa juu ya yule kijana wa kiwanja, na yeye hakuwa pale. Alliance akainama, akaendelea kupalilia.