Mashati ya Kufunga Ubavuni

Hajati alinikuta kwenye cherehani, mlango wazi, nashona sare za shule. Ni jirani yangu hapa Luzira, Mnubi, mtu mzima, mjane wa askari na binti wa askari. Babu yake naye aliletwa Uganda na jeshi la wakoloni, akitokea Sudan. Mimi nilikuja Kampala kutoka mashariki ya Congo nikiwa na mimba na furushi la nguo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mahali pa kukaa. Kwa hiyo akiingia kwangu simuulizi amefuata nini. Nasogeza vitambaa, anakaa.

Siku hiyo alisema wanawake wa kijiji wamekubaliana. Hapa Kampala mtaa kama wetu huitwa kijiji. Una mwenyekiti wake na mikutano yake, ingawa nyumba zimebanana hadi ukikaanga samaki jirani anapiga chafya. Walikuwa wamekubaliana kwenda hospitali ya jeshi kila Jumatano. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimepamba moto na majeruhi walikuwa wanaletwa, vijana ambao mama zao wako mbali, kaskazini na magharibi. Wanawake wangewapikia, wangewafulia, wangewanyoa ndevu, na zaidi ya yote wangekaa nao.

"Na wewe utakuja," alisema.

"Hajati, mimi siwezi."

Alijua kwa nini. Kwetu, mtu mwenye gwanda akitokea barabarani hatukuwa tunauliza ni wa jeshi gani. Tuliingia kwenye migomba na kulala kifudifudi. Hata hapa, nikipishana na askari magereza wanaorudi kazini, watu wasio na ubaya wowote nami, mwili wangu hutafuta mahali pa kujificha kabla akili haijasema kitu.

Hajati hakunibembeleza. Aliniomba nishone tu. Wagonjwa wengi walikuwa na bendeji kifuani na mikononi, hawawezi kuvaa shati la kupitisha kichwani wala kuingiza mkono kwenye shati la vifungo. Nikashona mashati yaliyo wazi ubavuni, ya kufunga kwa vikamba, kwa pamba laini iliyofuliwa ikafuliwa tena. Akayapeleka. Jumatano ya pili akarudi nayo kwenye kikapu, akasema hayakuwafaa, labda mshonaji aje apime mwenyewe. Yalikuwa yamewafaa kabisa. Hilo nililijua baadaye, nami sikumlaumu.

Nikaenda na tepu yangu ya kupimia shingoni.

Wodi ilikuwa na madirisha makubwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Wanawake wa kwetu walishazoea. Mmoja, muuza nyanya, alikuwa anamkata mgonjwa kucha za miguu huku akimgombeza kama mtoto wake. Mwingine anachanganya uji. Mimi nikaelekezwa kwenye kitanda cha mwisho, kwa kijana ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa hadi kwenye viwiko, na shavu moja limeungua. Macho yake yalikuwa mazima. Muuguzi alininong'oneza kwamba anakula kwa shida. Hataki kulishwa, anaona haya.

Nilianza na bega. Nilipima mara mbili, na mara zote mbili namba nikaisahau.

"Mama," akasema, "unapima shati au sanduku?"

"Sanduku la maiti wanapima maseremala. Mimi nashona."

"Basi nina bahati."

Nikacheka bila kutaka. Yeye akanitazama vizuri. "Kiswahili chako ni cha kule. Wewe si wa hapa."

"Kule wapi?"

Akaanza kueleza mahali walipokuwa wamepiga kambi. Kilima chenye mikaratusi upande mmoja. Soko la kando ya barabara, la maharage na unga wa muhogo. Kanisa la matofali lisilo na paa. Nami nilikuwa najua kila alichokuwa anakaribia kukisema kabla hajakisema, kwa sababu katika kanisa hilo, likiwa bado na paa, ndimo nilimofungia ndoa.

Niliiacha tepu begani kwake nikatoka nje.

Hajati alinifuata kwenye kamba za kuanikia nguo. Hakuniambia nisilie. Alichukua shuka lililoanguka, akalikung'uta, akalianika upya, kisha akakaa kwenye ngazi kando yangu.

"Mimi nimelelewa katikati ya magwanda," alisema. "Nimefua damu kabla sijafua nepi. Wengine wao nimewachukia, na nguo zao nikafua. Usiporudi, mwanangu, hakuna atakayekuuliza. Hata mimi sitakuuliza."

Sijui kama ningerudi bila yale mashati. Lakini nilikuwa nimekwisha kupima, na kitambaa nilikuwa nimekwisha kukata. Jumatano iliyofuata nikachukua shati lake, na nikachukua pia bakuli la sombe, majani ya muhogo tunavyoyapika kwetu, yaliyotwangwa yakaiva taratibu kwa mafuta ya mawese, pamoja na dagaa wa ziwani. Nilijiambia ni chakula changu mwenyewe cha mchana.

Nilipofunua bakuli, aligeuza kichwa.

"Hii naijua," akasema. "Kuna mama alikuwa anauza pale barabarani. Alikuwa anatuita wote mkwe wake."

"Utakula?"

Alitazama mikono yake, halafu wagonjwa wengine, halafu dirishani. Nikajaza kijiko nikangoja, nikitazama pembeni ili asijione anatazamwa. Akafungua mdomo.

Toka hapo nikawa namlisha kila Jumatano, na baadaye hata siku nyingine, nikimaliza kazi mapema. Yeye alinilipa kwa habari. Kanisa lilikuwa limeanza kuezekwa mabati mapya walipokuwa wanaondoka. Watu walikuwa wanarudi mashambani. Chemchemi iliyo chini ya kilima ilikuwa bado inatoa maji, na wanawake walikuwa wanagombania zamu kama zamani. Nilimfanya anirudie mambo hayo. Alirudia bila kuchoka, kila mara akiongeza kitu kidogo, mbuzi mweupe, mlango uliopakwa rangi ya buluu, mpaka nikaanza kuwaza kwamba mengine anayatunga kwa ajili yangu. Sikumuuliza.

Nilimuuliza jambo jingine. Lilikuwa limenikaa kooni toka siku ya kwanza.

"Wewe uliwahi kuua watu wa kwetu?"

Alikuwa bado anatafuna. Alimaliza, akameza.

"Sijui, mama. Walikuwa wanapiga kutoka migombani, na sisi tunapiga kule kule. Kulipokucha tuliambiwa tusonge mbele. Sikwenda kuangalia."

Kijiko kilikuwa hewani. Migombani ndiko tulikokuwa tunalala sisi. Yeye hakuomba nimsamehe. Alisubiri tu, uso wake umeinama kwenye lile shati nililomshonea. Nilikuwa naweza kuliweka bakuli chini nikaondoka, na naamini asingenilaumu. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa amekaa, bega moja juu kwa maumivu, na nilijua hajashiba.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Mama yake alikuwa hajui kitu. Kila Jumapili kijana aliomba ashikiwe simu sikioni akazungumza naye kwa lugha yao ya kaskazini, kwa sauti ya mtu mwenye afya, akicheka mahali pa kucheka. Simu ikikatika, uso ulikuwa unasawijika. Daktari alipomwambia kwamba mkono wa kushoto hautapona, utakatwa, kijana akaniomba nimwambie mama yake mimi.

"Lugha yenu siijui."

"Kiswahili kidogo anasikia. Mimi nikisema nitalia, naye atafikiri nakufa."

Nikapiga. Nikasema polepole, neno moja moja: mtoto wako yuko hai, yuko Kampala, mikono imeumia, mmoja utakatwa. Mama yake akauliza swali moja tu.

"Yeye iko kula?"

"Anakula, mama. Anakula vizuri."

Alifika kwa basi na kuku ndani ya kapu. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa viatu vya plastiki. Hakulia. Alimkagua mwanawe kama anavyokaguliwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akianza kichwani, masikio, shingo, akishuka mpaka kwenye nyayo, na alipomaliza akaweka kiganja chake juu ya ile bendeji mpya, fupi kuliko nyingine, akakiacha hapo. Kisha akachukua kijiko mkononi mwangu. Hakukipokonya, alikichukua tu, kwa sababu kilikuwa chake. Nami, mtu niliyekuwa sitaki hata kuingia katika wodi ile, nikasikia wivu.

Hakuwa na mahali pa kulala, nikamleta kwangu. Binti yangu akahamia kitandani kwangu, mgeni akachukua cha kwake. Tuliishi hivyo mpaka kijana alipopona. Maneno tuliyoelewana yalikuwa machache: maji, moto, kesho, pole, chumvi. Kabla sijaamka alikuwa ameshafagia uwanja. Jioni alikaa mlangoni akimenya karanga, mimi nikizungusha cherehani, na watu waliopita walidhani ni mama mkwe wangu. Mara moja nilimwonyesha kwa mikono na kwa yale maneno yetu machache kwamba mama yangu mwenyewe nilimwacha kule, na kwamba sijui kama yupo. Aliacha karanga zake. Alinisogeza kichwa begani kwake akanisuka nywele, mistari midogo iliyobana sana, mpaka giza lilipoingia.

Waliondoka pamoja. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki na vidole vya kutosha kushika kikombe. Nilimshonea mashati mengine, haya yenye utepe unaogandishana badala ya vikamba, ayafunge mwenyewe. Hajati alimwombea dua mlangoni, naye, Mkristo, akaitikia amina. Aliponiaga alitaka kusema jambo, nikaona linamshinda, nikamwambia basi litawaacha.

Siku hizi anafundisha watoto wa shule ya kijijini kwao kucheza mpira. Miguu yake haikuguswa. Mama yake hunipigia, na Kiswahili chake kinazidi kunyooka, sijui anajifunzia wapi. Kwetu sijarudi. Mabati ya kanisa nitayaona siku moja, au sitayaona.

Jumatano bado tunakwenda. Hajati magoti yanamsumbua, anapewa kiti katikati ya wodi na wagonjwa wanaoweza kutembea wanamfuata hapo. Wiki iliyopita nilikaa na mmoja aliyeletwa karibuni, mtoto mtoto, hajaota hata ndevu za kunyolewa. Hakutaka chakula wala mazungumzo. Aliniomba tu nimshike mguu, kwa sababu, alisema, akisinzia anahisi anaanguka. Nikaushika. Alilala mchana kutwa, na wenzangu walipomaliza kufua na kuanika walikuja kukaa hapo, kila mmoja na kazi yake ya mkono, wakizungumza kwa sauti ya chini.