Bu Murtini Aomba Radhi Uani

Bu Murtini hakujua kutulia. Asubuhi ungemkuta jikoni anaonja donge, dakika mbili baadaye yuko uani anageuza krupuk juani, na kabla hujakaa sawa unamsikia langoni akigombana na muuza kuni. Sisi wanawake wa kukata tulinong'onezana, "Bosi kaingiwa na siafu."

Kiwanda chake kilikuwa mjini Sidoarjo, nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watu thelathini tulipata riziki kwa krupuk zile: unga wa muhogo uliokandwa na kamba waliosagwa, ukapikwa kwa mvuke, ukakatwa vipande vyembamba na kuanikwa mpaka vikauke kau, tayari kwa kukaangwa. Kuanika ilikuwa kazi ya Pak Ngadiman, mzee mpole aliyeanza naye tangu wana sufuria moja.

Msimu mmoja wa mvua, magunia arobaini ya krupuk yakarudishwa kutoka Surabaya. Bu Murtini alifungua moja, akanusa. Ukungu mtupu.

"Ngadiman!" Hata kumwita Pak kwa heshima, kama sisi tulivyomwita yeye Bu, alisahau. "Miaka kumi na tisa, leo unaniletea uozo? Umezeeka macho au akili?"

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Akanawa mikono, akatoka.

Mimi nilijua. Siku zile krupuk zilipofungwa, Pak Ngadiman alikuwa Mojokerto, kwenye msiba wa dada yake. Lori lilikuwa linapiga honi, mawingu yametanda, na Bu Murtini mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, "Anueni! Zinatosha hizo!" Nilizianua kwa mikono yangu, bado laini. Na sasa niliinamia kisu changu, nikaendelea kukata.

Siku tatu kiwanda kizima kilikuwa kama kimekalia miiba. Bu Murtini alianika mwenyewe, akaanua, akaanika tena. Mchana mmoja akayageuza yale magunia na kusoma tarehe zilizopigwa muhuri, za siku zile za msiba. Akakaa chini palepale, juu ya saruji. Hatukuwahi kumwona akikaa.

"Yatmi," akaniita, "washa pikipiki."

Tulimkuta Pak Ngadiman nyumbani kwake, anawalisha kuku.

"Pak, nimekosa mimi," Bu Murtini alisema hata kabla hajashuka vizuri. "Ni mimi niliyeamuru zianuliwe. Nisamehe, urudi kazini."

"Karibu chai kwanza, Bu."

"Chai ya nini? Umenisikia?"

"Nimekusikia." Mzee akamwaga pumba iliyobaki. "Ila ulinitukana mbele ya watu thelathini. Radhi unaniomba mbele ya Yatmi na kuku?"

Tulipoondoka, njia nzima Bu Murtini alikuwa akifoka mgongoni kwangu. "Anataka nini, nimpigie magoti? Mimi mwenye kiwanda? Wakinizoea kesho nani atanisikiliza?" Kidogo anyamaze, kisha aanze upya. Tulipovuka daraja akanipiga bega. "Geuza."

Tukarudi. Akamwambia mzee maneno manne tu: "Njoo kesho, Pak. Tafadhali."

Kesho yake alitukusanya uani. Alikuwa akizunguka, anapangusa viganja kwenye sketi. Pak Ngadiman alisimama karibu na mlango, kama mgeni.

"Ukungu ule ni wangu," Bu Murtini akasema. "Niliwaharakisha mkaanua mapema. Kisha nikamtukana Pak Ngadiman, ambaye siku ile ya kuanua alikuwa akimzika dada yake. Nilikosa. Pak, naomba unisamehe mbele ya hawa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Yamekwisha, Bu. Lakini kuanzia leo, mimi nisiposema zimekauka, hata wewe usianue."

"Hata mimi."

Nilidhani yameisha. Bu Murtini akatugeukia.

"Mlikuwepo. Hakuna aliyejua?"

Nikanyoosha mkono.

"Kwa nini hukusema, Yatmi?"

"Nilikuogopa, Bu."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Alipangusa tena viganja kwenye sketi, na nikaona kwamba jibu langu limemuumiza kuliko yale magunia.

Alibaki vilevile, wa kukimbia huku na huko na kufokea wauza kuni. Lakini toka siku ile, kila asubuhi alikuwa akisimama kwenye meza yangu, mguu mmoja tayari unaondoka, na kuniuliza haraka haraka, "Yatmi, kuna kitu hujaniambia?"

Mara nyingi hakikuwepo. Siku kilipokuwepo, nilimwambia.