Santuri ya Bendi ya Zizi

Vitunguu vyangu hukaa kwenye bakuli jeusi lenye ukingo uliopindapinda kama kitambaa. Katikati lina tundu, kwa hivyo halifai uji wala mchuzi, linafaa vitunguu tu. Mwaka jana binti yangu alitoka kwake Nyayo Highrise akaja kunisalimia, akaja na mwenzake wa kazini, mwanaume mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele. Nikawapakulia githeri. Katikati ya kula nikaona mgeni ameacha kutafuna. Akanyoosha mkono, akavimwaga vitunguu vyangu mezani bila kuomba ruhusa, akaligeuza bakuli na kusoma karatasi nyekundu iliyobandikwa chini.

"Shosh, hii ulitoa wapi?"

Kwa vijana wa siku hizi bibi ni shosh. Nikamwambia kwanza arudishe vitunguu.

Akanieleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Miaka ya sabini kulikuwa na bendi hapa Nairobi zilizopiga gitaa kali la umeme, wanaume waliopaka wanja na kuvaa nguo za kumetameta. Zikatoa santuri chache, watu wakapenda muziki mwingine, bendi zikasahauliwa. Sasa kuna watu wanaozitafuta hizo santuri kama dhahabu, na yeye ni mmoja wao. Bakuli langu ni santuri iliyokunjwa, na bendi yake alikuwa ameisikia kwa jina tu.

"Na wewe umeiwekea vitunguu," akasema.

"Na tangawizi, nikipata."

Akauliza kama ninayo nyingine iliyonyooka. Nikamwambia tuinyooshe hiyo hiyo. Kama maji moto yaliikunja, maji moto yatainyoosha. Akalikumbatia bakuli kama mtu anayekinga kifaranga. "Ukiitia maji moto tena itakufa kabisa, shosh."

Hapo nikaketi. Mimi sikuwa na haja na gitaa. Ndani ya santuri ile kuna sauti ya mama yangu.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne, na darasa lenyewe likaishia hapo. Uso wake ninao, kuna picha moja amesimama ameshika mkoba wa kuazima. Lakini sauti ilinitoka. Wewe kama ulizika mzazi ukiwa mdogo unajua, sauti ndiyo hutangulia kwenda. Unabaki na maneno, lakini ukiyasema yanatoka kwa mdomo wako mwenyewe.

Tulikaa Lindi ya hapa Nairobi, chumba kimoja kwenye ploti ya kuta za udongo, watu wa ziwani karibu wote. Maghorofa ya Nyayo Highrise hayakuwepo. Ukipanda juu kidogo uliona maji ya bwawa yanang'aa, na sisi watoto tulidhani ni ziwa la kwetu limetufuata. Asubuhi ploti nzima ilinuka makaa na omena, dagaa wa ziwani. Baba alikuwa kibarua, akitoka kabla ya jua na kurudi likishazama. Mama aliweka cherehani yake mlangoni, ile ya kukanyaga kwa miguu, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuwasha makaa ya pasi, na kumtilia uzi kwenye sindano macho yake yakichoka. Alishona kanzu za kwaya, sare za shule, mapazia. Hakuwa mtu wa mchezo. "Nguo mbaya hata mlevi huiona," ndivyo alivyosema. Nikishona pindo likaenda kombo, alilifumua lote kimya akanirudishia kitambaa.

Mlango wa tatu alikaa kijana wa kwetu, mchana akibeba mawe kwa mjengo, jioni akiimba. Siku moja alikuja na satini kwapani, akataka suruali ya kubana mapajani na pana chini kama kengele, na shati la kung'aa.

"Unakwenda wapi na hii?" mama akamuuliza.

"Jukwaani, shemeji."

"Jukwaa gani la mtu kuvaa kama ngege ametolewa majini sasa hivi?"

Lakini kazi ni kazi, akashona. Vitu vya kung'aa vya dukani vilikuwa ghali, kwa hivyo sisi watoto tulitumwa kuokota ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Tuliinyoosha kwa kucha mpaka ikawa laini, mama akaikata vipande, akavishona kwenye shati safu kwa safu, kama magamba. Ilimetameta kweli. Ila kijana akitoka jasho magamba yalibanduka, basi kila wiki shati lilirudi kwa mama likiwa na vipara.

Jumamosi nguo zikiwa tayari nilizibeba kichwani mpaka Kawangware. Mpiga gitaa alikuwa kijana wa huko, mtoto wa mwenye shamba, watu walioikuta ardhi ile kwa babu zao. Kawangware ya wakati huo ilikuwa mahindi na ng'ombe, na maziwa ya mzee yule yalinywewa mpaka mtaa wa Satellite. Bendi ilifanyia mazoezi ndani ya zizi, kwa sababu mzee alikuwa amevuta stima mpaka pale kwa ajili ya mashine ya kukatia nyasi. Sasa gitaa na mashine havingeweza kwenda pamoja, fyuzi ilikatika. Mzee alisimama mlangoni na mzigo wa nyasi za nepia begani.

"Ng'ombe hali gitaa," alisema.

"Wimbo mmoja tu, baba."

"Wimbo mmoja tangu asubuhi. Hata maziwa hawashushi siku hizi. Wanasimama tu wanawaangalia."

Ndipo watu wakaiita Bendi ya Zizi. Jina lao lenyewe lilikuwa la Kizungu na sikuwahi kuliweza.

Muziki, sitakudanganya, ulikuwa kelele. Gitaa lililia kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na ngoma zikafuata kama mtu anayevunja mlango. Kijana wetu alipiga magoti kwenye nyasi za ng'ombe, wanja unamtiririka, akipiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Lakini nilipoweka mkono kifuani nikakuta kifua kinatetemeka chenyewe, na nikapenda. Aliyependa kunishinda ni cucu, yaani bibi wa boma lile, mama yake yule mzee wa ng'ombe. Masikio yake yalikuwa yamefunga zamani. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, kiganja kwenye ubao wa ukuta, anatikisa kichwa. Wamama wa kanisa walipokuja kulalamika aliwaambia, "Nyinyi mmeniimbia miaka yote sijasikia neno. Hawa nimewasikia."

Kulikuwa na msichana wa boma, mjukuu wake cucu na dada yake mpiga gitaa, rika langu. Tulicheza nyuma ya zizi miguu mitupu, tunakula mahindi ya kuchoma na kurukaruka kama wale wa ndani. Nikirudi Lindi mama alinusa samadi kwenye miguu yangu.

"Ulitumwa nguo au ulitumwa muziki?"

Nikaenda kunawa miguu. Kwetu swali kama hilo halijibiwi.

Siku ya kwenda mjini kurekodi, mwimbaji alikuja kumsihi mama waende pamoja. Suruali yake ilikuwa imebana kiasi kwamba haikuaminika, na hakutaka kupasukiwa mbele ya watu wa mitambo. Mama alifunga kitambaa chake cha kanisa, akachomeka sindano mbili kwenye kola, akaenda. Alirudi jioni, akafungua kitambaa, akawasha jiko. Wamama wa ploti wakamzunguka.

"Wameniweka kwenye sahani ya santuri," mwishowe akasema.

Kumbe aliambiwa anyamaze mtambo ukiwa unazunguka, akasahau, akaongea. Mwenye mtambo alitaka warudie. Mwimbaji akakataa, akasema ibaki vile ilivyo.

"Ehe, msanii wetu," jirani mmoja akasema, "kesho utatusalimia au tuanze kukuangalia kwa mbali?"

"Uliwaambia nini?" mwingine akauliza.

"Ugali wako unaungua," mama akamjibu. Akaendelea kupepea makaa.

Santuri zilipotoka, bendi ililetea kila mlango moja, shukrani kwa karatasi za sigara na kwa kelele tulizovumilia. Kila mlango ulipokea kwa mikono miwili. Shida ni kwamba ploti nzima haikuwa na gramafoni hata moja. Na wakati huo Lindi kulikuwa na mtindo, labda nawe uliuona kwenu. Santuri ukiitia kwenye karai la maji moto inalegea kama chapati. Unailaza juu ya sufuria iliyopinduliwa, unaibonyeza kingo, ikipoa umepata bakuli la mezani. Unatandika kitambaa cha kufuma, juu unaweka bakuli, ndani matunda. Wasio na matunda waliweka vifungo na funguo. Haikupita wiki mbili, Bendi ya Zizi ilikuwa bakuli kwenye kila meza ya ploti, na ya kwetu ilipindwa vizuri kuliko zote, maana mama hakufanya kitu ovyo.

Nililia. Nikamwambia hatujaisikiliza.

"Sauti yangu unaisikia kutwa nzima," akasema. "Unaitakia nini ya sahani?"

Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilimkuta na ugonjwa wa kifua, akaondoka. Bendi nayo ilizimika kama jiko lisilochochewa. Mwimbaji alipata kazi Mombasa, mpiga gitaa akaoa akarudi kwenye maziwa. Mimi nikachukua cherehani.

Hayo yote nilimwambia mgeni wa ndevu, na binti yangu akinisikiliza kama mtu mgeni pia. Kisha nikamwambia, ikiwa kuna iliyonyooka, iko Kawangware. Boma la cucu lilikuwa na redio kubwa ya mbao, ya kupigia santuri, ndiyo pekee niliyopata kuiona utotoni.

Tukaenda. Zizi halipo. Mahali pake kuna ghorofa la vyumba vya kupanga, nguo zimeanikwa kila ngazi, na yule msichana wa boma ndiye mwenye ghorofa sasa, mnene, miwani kifuani, ameketi chini kwenye chumba chake anachambua njegere. Aliponiona akasimamisha mikono.

"Wewe huji hapa mpaka mtu afe. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimefuata santuri ya bendi ya kaka yako."

Akaangalia ndevu za mgeni, akaniangalia mimi. Kisha akacheka, akaenda pale televisheni ilipo. Ile redio ya mbao ndiyo imekuwa meza ya televisheni. Akapiga magoti kwa shida, akafungua kijimlango cha chini, akapapasa nyuma ya albamu za picha na nyimbo za kanisa.

"Iko," akasema. "Cucu alikuwa ananiambia niweke kila baba akitoka. Anashika mbao hapa kwa mkono. Mpaka mwaka aliolala. Hii nimeisikia kuliko Injili, Mungu anisamehe. Na mama yako pia namsikia hapo mwisho."

Nikaketi bila kuambiwa. "Miaka hii yote unamsikia mama yangu na hukuniambia?"

"Si kila mlango ulipewa? Nilijua unayo."

Nikamweleza habari ya bakuli. Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, halafu nikacheka.

Mgeni alikuwa na kimashine kidogo cha mkoba. Aliifuta santuri kwa kitambaa laini, polepole, huku sisi wanawake watatu tukimtazama kama anamwosha mtoto. Akaweka sindano. Kwanza mchakacho, kama omena kwenye mafuta. Kisha bati likaburutwa juu ya mawe, mlango ukavunjwa, na kijana wa mlango wa tatu akapiga ukelele wake. Mgeni alifumba macho. Binti yangu alikuwa ananiangalia mimi, na mimi niliangalia njegere. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba mama atasema na nisimjue.

Wimbo ukafika mwisho, gitaa likazama. Kukawa na nafasi tupu, mtu anahema. Ndipo mwanamke akasema, karibu kabisa, kwa Kiswahili cha ziwani:

"Mpeni maji huyu, atatufia hapa."

Na akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyekuwa amekibana puani muda mrefu kikamponyoka. Kisha sindano ikaanza kukwaruza katikati.

Nilimjua. Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Lakini nilikuwa nimejiandaa kumsikia mama, mtu mzima, mzito, wa kukufumulia pindo. Aliyesema pale alikuwa msichana. Binti yangu aliyeketi kando yangu ni mkubwa kuliko yeye. Mama hakuwahi kuwa mzee, ni mimi niliyekuwa mdogo.

Nimelea watoto kwa mkono mzito, na nilipoulizwa nilijibu kwamba ndivyo mama alivyonilea. Sijuti, watoto wangu wamenyooka. Ila sikujua kwamba mlezi wangu mwenyewe alikuwa bado anabana kicheko. Siku hizi ukipita Lindi hutasikia cherehani mlangoni, nguo zinashuka kwenye marobota zimeshashonwa. Kawangware hakuna ng'ombe wa kukataa kushusha maziwa. Vijana wanasikiliza muziki masikioni, kila mtu na wake, na jirani hana la kulalamikia. Siwalaumu. Kila wakati na kelele zake.

Mgeni alichukua nakala, santuri ikarudi kijimlangoni mwake kwa mwenyewe, na binti yangu akaniwekea ile sauti kwenye simu. Naifungua nikiwa peke yangu na kazi imekwisha. Huwa nawaza, msichana yule angeingia hapa kwangu leo anacheka vile, ningemwambia aketi chini, anywe chai, aache kunipigia kelele. Kisha ningemwambia aseme tena.