Nilichagua Baiskeli Isiyo na Keria

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Mke wangu nilimpoteza kwa mikono yangu mwenyewe, na chanzo chake ni baiskeli. Chekeni mkitaka. Mimi kicheko kilinitoka zamani.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imeanza. Ninyi wa juzi hamjui tulikotoka. Tulipanga foleni ya sabuni, na tairi likipasuka unalishona kama kiatu, maana jipya hulipati ng'o. Halafu ghafla maduka ya Ngamiani, hapa Tanga, yakajaa baiskeli, mpya na za mtumba, zinang'ara mpaka unaogopa kuzigusa.

Tulipanga chumba Kange, mbali na mji. Mimi nilikuwa fundi karakana moja karibu na bandari. Mke wangu, nimwite Mwanahawa ingawa silo jina lake, alikuwa akifua mashuka hospitalini. Njia yetu moja. Kila asubuhi tunatembea pamoja, jioni hivyo hivyo.

Na pesa ya baiskeli ilikuwa yake! Zamu yake ya upatu ilipofika, akaniwekea zote mkononi. Akasema, "Mwenzangu, tafuta yenye keria pana. Unibebe asubuhi, unishushe getini, jioni unipitie. Miguu imenichoka."

Dukani zilibaki mbili za kiasi chetu. Moja nyeusi, nzito, ina keria, ina madigadi, ina taa ya dinamo. Ya pili nyekundu, ya mashindano, tairi jembamba, usukani umepinda kama pembe za beberu. Nyuma haina kitu.

Mwenye duka akaniuliza, "Una mke?"

"Ninaye."

"Basi chukua nyeusi. Hii nyingine haina pa kukaa mtu."

Nikamjibu nataka chombo cha kunipeleka kazini, si punda.

Nawaambia ukweli niliouficha siku ile. Mtu wa Tanga ukiwa na keria, huna raha. Mgonjwa wa jirani ni wako, gunia la nazi ni lako, bibi anayekwenda maulidini ni wako, na mihogo ya wakwe kutoka Maramba utaifuata stendi. Ukikataa unaitwa bahili. Mimi nilitaka baiskeli isiyoombwa. Katika hao niliowakimbia sikukumbuka kwamba na mke wangu yumo. Au nilikumbuka, nikajifanya sijui.

Nilipofika nyumbani Mwanahawa alitoka mlangoni, akaizunguka baiskeli, akasimama nyuma yake. "Nitakaa wapi?"

Nikamwambia nitampelekea fundi wa kuchomelea vyuma aitie keria. Uwongo mtupu. Fundi sikumwendea hata siku moja.

Basi nikawa nampita njiani. Mke wangu wa ndoa, jamani! Yeye anatoka mapema kwa miguu, mimi nachelewa kutoka, namkuta mbele, nampigia kengele, napita. Mwanzoni alinipungia mkono. Masika ilipoingia, gurudumu langu likamrushia tope kwenye buibui, maana madigadi nayo haikuwapo. Niligeuka nikamwona anajifuta. Sikusimama, nikasema kazini nitachelewa.

Pale hospitalini kulikuwa na mlinzi wa geti, mtu mzima kutoka Pemba, tumwite Mzee Kombo. Umri wa baba yangu. Alikuwa na baiskeli kuukuu, na kwenye keria amefunga gunia lililokunjwa ili mtu asiumie. Akaanza kumpa Mwanahawa lifti. Mwanahawa aliniambia siku hiyo hiyo, na mimi nikasema sawa, afadhali.

Karakana wakaanza kunichokonoa. "Wewe unayo baiskeli, mkeo anapakiwa na wenzio." Kila chai ya saa nne ni hayo. Yakaniingia.

Jioni moja nikawangoja njiani karibu na duka moja, watu wamejaa barazani. Wakaja. Mwanahawa amekaa upande, ameshika buibui lisinaswe na spoki, anacheka jambo. Kile kicheko ndicho kilichonitia wazimu. Nyumbani kwangu hakikusikika tena.

Nikatamka mbele za watu. Talaka moja.

Mzee Kombo akashuka akisema, "Mwanangu, huyu ni kama binti yangu." Mwanahawa aliniuliza neno moja tu, "Kwa kupakiwa?"

Nikasema ndiyo. Kesho yake akaenda kwa mama yake Maramba.

Mzee Kombo alinifuata mpaka Kange. "Talaka moja mlango uko wazi. Mrejee kabla eda haijesha. Kama kosa lipo ni langu, niwie radhi." Mzee yule ananiomba radhi mimi! Sikumpa hata kigoda. Nilikuwa nangoja mwanamke aje apige magoti.

Hakuja. Nikaiuza ile nyekundu, nikanunua nyeusi yenye keria, nikaipakia juu ya basi mpaka Maramba. Kiburi kilikuwa kimenipotezea hesabu ya siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Eda imekwisha, na posa ya watu tumeshaipokea."

Mwanahawa akatoka, akaniletea maji. Akasema taratibu, "Nilikungoja mpaka siku ya mwisho. Baiskeli sikuikasirikia. Uchungu wangu ni kwamba ulikuwa unanipita."

Nililia uwanjani pale, mtu mzima, na kuku wananizunguka. Nilioa tena baadaye, haikudumu. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mtu mzima tunaishi naye.

Juzi mtoto wa ndugu yangu, bwana harusi wa mwaka huu, kaja kunitaka shauri. Anachagua baiskeli ya umeme ya kwendea kazini. Ananieleza betri inakaa kiasi gani, mlima inapandaje. Nikamwuliza, "Mkeo naye huenda kazini kwa usafiri gani?" Akasema hajui vizuri, labda kwa miguu.

Ndipo nikaona niandike. Ewe mwanamume, kabla hujauliza inakwenda kasi gani, rudi nyumbani ukamwulize mwenzio anatembea umbali gani. Muulize leo. Mimi niliambiwa kabisa kwamba miguu imemchoka, nami nikaenda dukani na pesa yake nikanunua kiti kimoja.