Siku Niliponyang'anywa Gazeti

Sisi tuliosoma Tabora miaka ile tunajua: msomaji hodari alikuwa mwenye sauti. Ukisoma kwa mbwembwe bila kukwama, darasa zima linakupigia makofi ya kilo, na mwalimu anakuruhusu kwenda kugonga kengele, ile ringi ya lori iliyoning'inia nje ya ofisi. Mimi nilikuwa mfalme wa sauti. Mama, ambaye hakujua kusoma, alijisifu bombani kwamba mwanawe ni redio.

Darasa la sita akaja Mwalimu Tausi. Alikata habari za sayansi magazetini akazibandika kwenye vipande vya boksi, zikinuka gundi ya unga wa muhogo. Ijumaa moja nikasoma habari ya sisimizi, nikaipamba mpaka wenzangu wakatikisa vichwa. Akaninyang'anya.

"Haya, redio. Sisimizi anajuaje njia ya kurudi kwao?"

Nikaanza kuighani habari yote kwa moyo kutoka mstari wa kwanza, neno kwa neno, pamoja na jina la mwandishi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Siku ya wazazi hutasoma. Utaeleza, mikono mitupu."

Nililia. Mama alikuwa ameshaazima kitenge cha jirani kwa ajili ya siku hiyo. Basi wiki nzima nililala kifudifudi nyuma ya jiko, habari mkononi. Gazeti lilisema sisimizi huacha harufu njiani. Nikaipangusa njia yao kwa kitunguu. Wakasimama, wakazunguka kama wageni stendi. Ndipo ile sentensi niliyoipamba mara kumi ikaniingia kichwani kwa mara ya kwanza.

Siku ilipofika, sauti yangu ilikatikakatika. Nikaeleza harufu, nikaeleza kitunguu. Mama akasimama katikati ya watu: "Na mvua ikinyesha, je?"

"Sijui, mama. Gazeti halikusema."

Nikadhani nimemwaibisha. Mwalimu Tausi ndiye aliyeanza makofi. Njiani mama akaniambia, "Miaka yote hiyo unanisomea, leo ndiyo nimesikia."

Shule niliiacha mwaka uliofuata. Miguu yangu haikujua kutulia. Imenileta mpaka Guangzhou, ninakowatembeza wanunuzi wa nguo kwenye masoko ya Zhanxi. Jumamosi huketi na watoto wa wafanyabiashara wetu, tukiwa na habari za sayansi nilizozichapisha kwa herufi kubwa. Watoto wa siku hizi! Enzi zetu gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima, kisha likafungiwa karanga. Wao simu inawasomea, kwa sauti tamu kuliko yangu, huku wanatafuna biskuti. Nikiuliza imesema nini, hawa wa Kongo, wanaoniita Tonton, yaani mjomba, hunijibu, "Tonton, si nibonyeze tena?"

Lakini Machi hii, kuta zilipoanza kutoka jasho kama kila mwaka, Zawadi, binti wa mfanyabiashara wa Lubumbashi, aliisoma habari ya unyevu huo mara tatu. Kisha akanivuta mkono hadi stoo ya baba yake, mtaa wa Guangyuan Xilu. Papa Zawadi alikuwa amefungua madirisha yote ili marobota ya mashati yasiote ukungu.

"Papa, funga! Hewa ya nje ina joto na maji mengi. Ikigusa ukuta wa baridi, inayaacha hapo."

"Karatasi njo itanifundisha hewa?" baba yake akabisha kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

"Gusa ukuta wa hapa dirishani. Sasa gusa wa kule ndani."

Hilo la kugusa halikuwamo kwenye habari. Papa akagusa hapa, pamelowa; akagusa kule, pakavu; akarudi kugusa hapa.

Sisi tulikuwa na muda tele na karatasi chache. Hawa wana karatasi za dunia nzima, na muda unawakimbia. Nakumbuka utulivu ule wa nyuma ya jiko na kuwahurumia kidogo. Kisha nawaonea wivu, maana mimi nilifika darasa la sita kabla mtu hajaniuliza nimeelewa nini. Zawadi ana miaka tisa, na baba yake yuko juu ya ngazi, anafunga dirisha la mwisho, bado anabisha.