Nilivyoandika Kuwa Mwalimu Amekataa Dawa

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya gereza, Mkuu wa Zahanati alinipokea mlangoni akanisemesha Kiswahili. Daktari yule, kama mimi, alizaliwa Muscat na wazee waliotoka Unguja. "Hapa tukitaka kusema yetu tunasema Kiswahili," alinambia. "Askari wanajua Kiarabu tu, hawasikii kitu." Nilifurahi. Nilikuwa natoka wodi ya macho ya hospitali ya serikali, simjui mtu pale, nikadhani nimepata ndugu.

Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi, kazi ya gerezani ilikuwa hivi. Asubuhi unapita na kigari cha dawa, kila mfungwa anatumia dawa yake mbele yako, unatia alama daftarini. Asiyetaka anajaziwa fomu ya kukataa matibabu: anatia saini yeye, na muuguzi anatia yake kuwa shahidi. Fomu ile iliwekwa ili mgonjwa asilazimishwe. Sisi tuliitumia kwa mengine.

Mwalimu Khalfan aliletwa kwetu mwaka wangu wa nne. Alikuwa akisomesha hisabati, na alifungwa kwa kuandika mtandaoni majina ya watu waliokamatwa, ambao jamaa zao hawakuambiwa wako wapi. Alikuwa na presha ya macho. Maradhi haya mara nyingi hayaumi. Maji ndani ya jicho yanazidi kusukuma, mshipa wa kuonea unakufa kidogo kidogo, na ukishakufa haurudi. Dawa yake ilikuwa matone, kila siku. Mkewe aliyaleta, yakazuiliwa getini.

Nilikwenda kwa Kapteni wa ulinzi. "Atayapata akitia saini kuwa haandiki tena," alisema, huku anaendelea na chai yake.

Miezi ikapita. Mwalimu akawa anajigonga bega kwenye mlango kila akiingia. Nilimpima nikaona pembeni haoni kabisa. Nikamwambia Daktari apelekwe hospitali siku ileile. Mwalimu amekaa mbele yetu na pingu, askari wawili nyuma yake. Daktari akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida tu:

"Wewe andika amekataa dawa, lawama iwe yake. Kapteni hataki maneno. Mimi nna watoto, na wewe una watoto."

Mwalimu akanyanyua uso. "Sikukataa, kaka," alisema, Kiswahili cha Unguja kabisa. "Mama yangu kazaliwa kulekule kwa wazee wenu. Nimekusikieni nyote wawili."

Daktari aliinama akatazama karatasi zake. Basi nikachukua kalamu na ile fomu ya kukataa matibabu. Pahala pa saini ya mgonjwa niliandika "hataki kutia saini," na pahala pa shahidi nikatia jina langu. Mwalimu alikuwa akinitazama, maana mbele bado akiona.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza, Mwalimu."

Hospitali hakupelekwa. Alipofunguliwa, mkewe alimshika mkono kumtia garini. Haoni tena. Daktari sasa ana kliniki yake Qurum, mtaa wa wenye pesa, na Kapteni amepandishwa cheo. Mimi nilistaafu na cheti cha utumishi mwema. Mke wangu alikitundika ukumbini, nikakishusha.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu, mtaa wa Mawaleh. Alinijua kwa sauti. Kahawa haikuletwa.

"Umekuja kutaka radhi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Radhi ya nini?"

Nikaanza kusema amri ilitoka juu, nyakati zilikuwa ngumu. Akanikatiza. "Sema ulichofanya wewe."

Nikasema. Yote, mpaka jina langu kwenye fomu.

"Basi kawaambie hayo wanaosomea kazi yako," alinambia. "Mimi nikisema, wataona nna chuki."

Nimekuambieni. Sikulazimishwa na mtu. Niliogopea cheo changu tu, na kwa ajili hiyo mtu kapofuka. Juzi, kabla sijayaleta kwenu, nilimpigia simu nikamsomea haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kweli umeisema," alisema. "Usinipigie tena."